Amina Mpaka Jioni

Nililelewa katika kanisa la Kiprotestanti kule Turbo, kwa hivyo nilipojiunga na shule ya wasichana ya Kikatoliki karibu na Eldoret, sikujua hata kushika rozari.

Muhula wa kwanza, msichana aliyelala kitanda cha pili kutoka changu alibanwa na pumu vibaya asubuhi moja, hadi midomo ikabadilika rangi. Sista, mwalimu wetu mkuu, akamkimbiza hospitalini kwa gari la shule.

Chakula cha mchana hakikunipita kooni. Baadaye bweni letu lote likajikuta kanisani, bila kuitwa na mtu. Dada mmoja wa Form Three akanipa rozari yake.

“Wewe sema Amina tu,” akaninong'oneza. “Hayo mengine tutakusemea.”

Nikasema Amina hadi sauti ikakauka.

Jioni Sista aliingia, akasimama mbele yetu, akavuta pumzi.

“Anapumua vizuri,” alisema. “Amekunywa uji, na amelalamika kwamba hauna sukari.”

Tulicheka sote, na Sista pia. Nilifuta machozi, kisha nikahisi njaa kali, nikaenda na wenzangu kupanga foleni ya githeri ya mahindi na maharagwe.