Picha Mbili za Mguu Mmoja

Kwetu mtu akikwambia leta picha, unaoga. Unajipaka mafuta mpaka magoti, unaazima viatu, unachana nywele, ndio unaenda studio. Hakuna mtu alitufundisha, tulizaliwa tukapata watu wanafanya hivyo. Hata yule mlevi wa Ndalu aliyekuwa analala kwa mtaro, siku yake ya picha ya kitambulisho alikuja amenyoa ndevu na ameazima koti ya pasta. Kwa hivyo yule mwalimu wa mradi alipotuambia, "Leteni picha ya mtoto," tulisikia vile kila mtu wa kwetu angesikia. Hapo ndio tulikosea, na mimi ndio nilikosea zaidi.

Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na moja. Akiwa na miaka minane, kwa matanga ya jirani, sufuria kubwa ya maharagwe ilipinduka kutoka kwa mawe ikammwagikia mguu wa kulia. Alipona, lakini alipona vibaya. Ngozi ya nyuma ya goti ilijivuta ikashikana, mguu ukakunjika kama mtu anapiga magoti na mguu mmoja tu. Alitembea na fimbo. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na wakati wa mvua hakuna kwenda. Daktari mmoja Bungoma mjini alimwangalia akasema huo mguu unaweza kunyooka kabisa, ukipasuliwa na watu wanaojua ngozi, lakini asikawie, kwa sababu mtoto anakua na mfupa unazoea kukunjika. Hao watu wa ngozi walikuwa hospitali ya misheni, safari ya siku nzima kwa basi. Baba alikuwa ametutoka. Harambee tulifanya, ikapatikana pesa ya kunyoosha kidole.

Ndio tukapelekwa kwa mwalimu wa mradi. Alikuwa mwalimu aliyestaafu, mtu wa pikipiki na brifkesi, ofisi yake iko Bungoma. Kazi yake ilikuwa kutafutia wagonjwa marafiki ng'ambo, watu wa kulipa hospitali. Alijaza karatasi kwa Kizungu, akachukua barua ya daktari, akauliza mama yangu tuna ng'ombe wangapi, halafu akasema hilo neno lake: leteni picha.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza mitumba soko la Kitale. Shule niliacha darasa la saba, lakini nguo nzuri niliijua hata ikiwa chini kabisa ya marobota. Kulikuwa na gauni moja nyeupe, ndefu mpaka chini, kola ya lesi, vifungo kama lulu. Bibi ya mwalimu mkuu alikuwa ameiulizia mara mbili nikamwambia imenunuliwa. Hiyo ndio nilimpatia mdogo wangu. Mama akaleta soksi. Viatu tuliazima kwa mtoto wa shemasi.

Studio ilikuwa ya Mhindi mmoja karibu na stendi, lakini mpiga picha alikuwa mzee Mwislamu, mpole, wa kofia nyeupe. Alikuwa na pazia imechorwa bustani na ndege ya kupaa. Alimketisha mdogo wangu kwa kiti ya kifalme, akarudi nyuma, akaangalia, akakunja uso.

"Hiyo fimbo weka kando, mwanangu. Inaharibu picha."

Fimbo ikawekwa kando. Halafu akapiga goti, akavuta gauni pole pole mpaka chini ikafunika kila kitu. Miguu yote miwili ikapotea ndani. Akampatia ua la plastiki.

"Sasa cheka kidogo."

Mdogo wangu akanuna. Alikuwa haogopi kamera, alikuwa anaogopa kiatu kisianguke, kwa sababu ule mguu wa kulia haukujaa kiatu. Basi mimi, mjinga mimi, nikasimama nyuma ya mzee nikamwigiza mwalimu wa mradi akiendesha pikipiki kwa matope ya Kachibora, brifkesi kwa meno. Mtoto alicheka mpaka meno ya nyuma.

Mzee akasema, "Mashallah."

Na kweli ilikuwa picha nzuri. Tulitoa mbili. Moja mama alitundika ukutani, nyingine tukapeleka ofisi ya mwalimu kwa bahasha, ikaenda ng'ambo bila yeye kuifungua. Mama aliiangalia siku nyingi. Aliniambia, "Unaona? Hapa hata huwezi jua." Alisema hivyo akifurahi.

Tukangoja. Mvua ikaja ikaisha, mahindi yakavunwa. Miezi minane baada ya studio, pikipiki ikalia kwa boma. Mwalimu hakuketi.

"Mmeniaibisha," akasema.

"Tumefanya nini, mwalimu?" mama akauliza.

Akatoa ile picha kwa brifkesi. Ilikuwa imerudishwa. "Hii ni nini? Niliwaambia mlete mgonjwa, mkaleta bibi harusi! Wameandika ati huyu mtoto haonekani mgonjwa. Ati mtu wa kuvalisha mtoto hivi anaweza kulipa hospitali. Wamechukua mtoto mwingine, wa Sirisia."

"Lakini hiyo gauni ilitoka kwao!" mimi nikasema. "Waliitupa wenyewe. Wangeangalia vizuri wangepata jina la mtoto wao kwa kola."

"Wewe nyamaza."

"Na barua ya daktari? Si iko hapo? Si imeandikwa mguu umekunjika?"

Akaniangalia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Barua haiwezi kuliza mtu," akasema. Halafu akatueleza vile inafanyika. Huko, picha zinapangwa kwa meza. Watu wazuri, watu wa kanisa, wanakunywa chai wakizunguka, wanaokota ile imewashika roho. Kila mmoja anachukua wake.

Nataka nieleweke: mimi sina shida na mtu kutoa. Aliyetoa alitoa, Mungu ampatie mvua kwa wakati wake. Hakuna mtu alimlazimisha, na hatujui yeye mwenyewe alijinyima nini. Shida yangu ni hiyo meza. Mimi mwenyewe ni mtu wa meza, kila siku Kitale nilikuwa napanga vitu vizuri juu ili watu wachague. Lakini blauzi haijui imeachwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo kwa mlango, anasikia, na fimbo yake. Alikuwa ameshindana na mtoto wa Sirisia ambaye hatamjua maisha yake yote, na ameshindwa kwa sababu alicheka. Na nani alimchekesha?

"Tutapiga nyingine," mwalimu akasema. "Kamera nitaleta mimi. Na si hapa." Akaangalia nyumba yetu. Ilikuwa ya udongo lakini baba alikuwa ameipiga mabati kabla afe, akalipia bati moja moja kila akiuza mahindi. "Mabati hapana."

Akaanza kutembea, mikono nyuma, kama mtu anatafuta ng'ombe ya kununua. Akapita kwa jirani wa kwanza, akatikisa kichwa. Akafika kwa kukhu, nyanya mmoja mjane, si wa damu yetu lakini ndiye alitulea sisi wote mama akiwa shambani. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, imeegemea upande mmoja. Mwalimu akatabasamu.

"Hapa. Jumatano nakuja."

Kukhu hakusikia kingine, alisikia tu mgeni anakuja na kamera nyumbani kwake. Sasa mlitaka afanye nini? Jumatatu alichota udongo mtoni. Jumanne alisiriba ukuta wote wa mbele na kinyesi ya ng'ombe, akaupiga mstari wa majivu meupe chini, safi kama shule. Alifagia uwanja ukabaki na alama za ufagio. Jumatano alitandika vitambaa vyake vya kushona juu ya viti, na akachinja kuku. Alikuwa na kuku watatu.

Mwalimu alifika, akasimama hapo na kofia ya pikipiki kichwani.

"Nani alifanya hivi?"

"Ni mimi, baba," kukhu akasema, anafuta mikono. "Karibu ndani. Chakula iko tayari."

Na unajua aliingia? Aliingia! Akaketi juu ya kitambaa, akala ugali, akala kuku, na firigisi tulimpatia kwa sababu ni ya mwanamume mheshimiwa, akaila. Akachokoa meno yake kwa kijiti. Ndio akaniambia, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Sasa hii nyumba imeharibika. Inaonekana ni ya mtu anajiweza. Twende nyuma."

Kukhu alikuwa anaokota sahani. Alisimama.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "kwani alikuwa anatafuta nyumba mbaya, akafika kwangu?"

Mimi ni mtu wa mdomo. Sokoni walikuwa wananiita redio. Nilisema tu, "Hapana, kukhu. Ni mwangaza. Anasema nyuma kuna mwangaza." Akaniangalia, akaingia na sahani zake, hakutoka tena mpaka yule mtu akaenda.

Nyuma ndio ukuta haukuwa umesiribwa. Udongo umeanguka, vijiti viko nje kama mbavu. Mwalimu akamweka mdogo wangu chini, kwa vumbi. Alikuwa amekuja na nguo ya kawaida ya nyumbani, mwalimu akasema ni safi sana, akanituma nilete ya shamba. Nikaleta. Viatu, toa. Fimbo, sasa lete, weka hapo ionekane. Watoto wa boma yote walikuwa wamekuja kuona kamera, wamejipanga wengi, na vijana wawili wa kuchunga.

"Sasa vuta nguo mguu uonekane."

Miaka mitatu huyo mtoto hakuwa ameonyesha mtu huo mguu, ila daktari tu. Hata mama alikuwa anampaka mafuta gizani. Alishika nguo yake na mikono miwili.

"Mwalimu," nikasema, "wacha nifukuze hawa watoto kwanza."

"Jua linaenda. Vuta!"

"Dakika moja tu, mwalimu."

"Nimesikia wewe ndio ulimchekesha ile siku ya studio, sindio? Ondoka hapo. Kaa mbali."

Mama alikuwa kando, mikono kifuani. Nilimwangalia, nikingoja aseme neno moja tu, nipate ruhusa ya kuchukua hiyo kamera niitupe kwa choo. Alienda akachuchumaa, akatoa vidole vya mtoto kwa nguo kimoja kimoja, akaivuta mpaka juu ya goti yeye mwenyewe.

Kijana mmoja wa kuchunga akasema, "Wuuu." Mtoto mwingine akacheka. Na mdogo wangu akaanza kulia, si kwa sauti, ni mdomo tu unatetemeka na makamasi yanatoka.

"Hapo hapo!" mwalimu akasema. "Usipanguse! Hapo hapo!" Akapiga, akapiga, akapiga tena.

Jioni hiyo nilimgombeza mama. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Umemaliza?" akasema. "Wewe una miguu miwili. Ile hasira yako ina miguu ya kutembea, enda nayo Kitale. Mimi nataka goti linyooke. Kama wangetaka nilale mimi kwa vumbi ningelala."

"Lakini mayi, amemwaibisha mbele ya watu."

"Nimeona. Nilikuwa hapo." Akapiga mwiko kwa sufuria. "Kula."

Nikakula. Niliona aibu yangu, lakini hasira haikupungua, ilikosa tu mahali pa kukaa. Wewe jaribu kumkasirikia mtu anayekusaidia. Ukiongea, mtoto anakosa. Ukinyamaza, unamezwa.

Picha ya pili haikukaa hata miezi miwili. Jibu likaja kwamba mtoto amepata mtu wa kumlipia, mama mmoja mzee, ambaye alilia akiiona. Nasikia alilia sana. Namshukuru. Siku moja ningependa kumwambia huyo mama kwamba mdogo wangu alilia pia, na kwa nini.

Mdogo wangu na mama yetu walienda misheni wakakaa wiki nyingi. Madaktari walimpasua, wakatoa ngozi ya paja wakaweka nyuma ya goti, wakampiga plasta. Alirudi na magongo mawili. Kila asubuhi mama alimnyoosha mguu, huku mtoto anatukana watu wote ukoo wote, na mimi nikirudi kutoka Kitale Jumapili nilikuwa napokea matusi yangu niliyowekewa. Gongo moja likaachwa. Halafu la pili.

Ndio mwalimu akarudi, na kamera. Watu wa ng'ambo walitaka kuona mguu umesimama. Alikuwa na haraka, alikuwa anaenda Sirisia baadaye. Safari hii alisema, "Mvalisheni vizuri! Mko na ile gauni?"

Gauni ilikuwa fupi sasa. Mdogo wangu alikuwa amevaa sketi ya shule. Alimsikiliza mwalimu mpaka akamaliza, halafu akasema kwa heshima zote:

"Naomba kwanza niende choo."

Choo chetu kilikuwa mwisho wa shamba, ndani ya migomba, na cha shimo. Mtu wa goti limekunjika hawezi kuchuchumaa peke yake kwa choo cha shimo. Miaka yote hiyo mtu alikuwa anaenda naye, mama au mimi, anamshika mabega akiwa huko, msichana mkubwa anaelekea kumi na tatu. Mama aliinuka kwa mazoea amfuate.

"Msinifuate," mdogo wangu akasema.

Tukasimama hapo kwa uwanja sisi watatu tukimwangalia akipita mahindi. Alikuwa anachechemea kidogo. Hakushika kitu. Alifika, akaingia, tukasikia mlango wa bati unafungwa kwa ndani, na komeo linasukumwa.

Mwalimu akaangalia saa. Akaangalia jua. Akapanguza kioo cha kamera, akaangalia saa tena.

"Huyu atatoka saa ngapi?"

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Leo ndio mara ya kwanza anaenda peke yake."

"Mwiteni. Nimechelewa."

Mama, ambaye alikuwa hajamjibu huyo mtu vibaya tangu siku ya kwanza, alivuta kiti akakiweka kwa kivuli.

"Keti, mwalimu," akasema. "Hapa hakuna mtu atamwita."