Nilitamani Kugombezwa

Harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulioungua ukashika sufuria hunirudisha mjini Mwingi, kwa Anti Mumbua, dadake mama. Alinichukua baada ya mama kuzikwa kule Kathonzweni, nikiwa darasa la tano. Tuliishi nyuma ya duka lake la nguo, na malori ya Garissa yakipita, vikombe vilitetemeka kabatini. Nililala kitanda kimoja na bintiye Kasyoka, rika langu. Sikukosa chakula wala sare.

Wiki moja mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha maneno ya kulaumu. Sisi tulidhani yote ni kugombeza tu. Mchungaji, alisema, ana-rebuke. Akikukemea, kanisa zima linainamisha vichwa. Criticise ni kutaja kasoro za kazi yako, na mtu anaweza kufanya hivyo akitabasamu. Blame ni kukubebesha kosa, liwe lako au lisiwe.

Kasyoka akauliza kuhusu scold.

"Hilo ni la nyumbani," mwalimu akasema. "Mama anagombeza mtoto wake. Wa jirani anamwacha."

Darasa lilicheka. Mimi nilikuwa nikikumbuka miezi yote niliyokaa kwa Anti, na sikupata hata siku moja aliyonigombeza.

Jumamosi hiyo alituachia sufuria ya muthokoi jikoni. Tukaenda kuruka kamba, tukasahau, mahindi na maharagwe yakaungua hadi moshi ukafika dukani. Anti alikuja mbio. Alimgombeza Kasyoka kwa Kikamba, kisha Kiswahili, akarudi tena kwa Kikamba: uvivu wake, masikio yake mazito, kuni zilizopotea bure. Nilisimama karibu na Kasyoka, mikono nyuma, nikingoja zamu yangu.

"Wewe enda upumzike, mama," akaniambia. "Si makosa yako."

Nilienda nyuma ya tangi la maji nikalia. Niliporudi, Kasyoka alikuwa ameketi katikati ya magoti ya mamake akisukwa nywele, wote wawili wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nilikaa mlangoni. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniita.

Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipopata ujasiri wa kumuuliza Anti kwa nini hakuwahi kunigombeza. Alikunja leso yake mapajani. Akaniambia kwamba siku ya mazishi, watu wa upande wa baba walimsema mbele ya waombolezaji, kwamba atanifanya mfanyakazi wa nyumba.

"Nikaogopa sauti yangu mwenyewe," akasema. "Kila nikitaka kukugombeza, nilikuwa nawasikia."

Utotoni nilidhani hanihesabu kuwa wake. Kumbe maneno ya wale watu yaliingia nyumbani pamoja nami, yakaketi kati yetu miaka yote hiyo, mimi nikingoja, yeye akijizuia, kila mmoja peke yake.

Nilivuta kiti changu karibu na chake.