Walichagua Bloki ya Kijani

Ndugu mwenye ukurasa huu, jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na minne, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni kufufua injini za kamyo, yaani malori, hapa Uvira.

Baba mkwe ana kamyo kuukuu inayobeba pamba. Injini yake ilipokufa, tulipata bloki mbili za injini za kuchagua pale bandarini Kalundu. Moja ilikuwa na kutu, chafu kabisa. Nyingine imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Nilizigonga zote kwa nyundo. Yenye kutu ililia kama kengele; ya kijani ikatoa sauti ya chungu kibovu. Nikakwangua rangi, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta, nikasugua chaki. Punde chaki ikalowa, mstari mwembamba kama unywele. Ufa, nikawaonyesha.

Leonardi, mpwa wa baba mkwe, akacheka. Huyo huja garaji na shati jeupe, na sijawahi kuona grisi kwenye kucha zake.

"Shemeji, weye unasikiliza chuma kama mganga," akasema. "Minye niko na sertifika ya shule ya ufundi."

Baba mkwe akatazama rangi, akatazama shati, akasema, "Aliyesoma amesoma." Wakachukua ya kijani, na Leonardi akaifunga mwenyewe. Mjinga mmoja alichagua, mwingine akabariki.

Wiki ya pili, kwenye mlima wa kwenda Bukavu, injini ilivuja maji kwenye ufa ule, ikakwama. Breki hazikuweza kuishika kamyo, ikarudi nyuma hadi mtaroni. Dereva, mzee mpole asiye na neno na mtu, alivunjika mguu.

Sasa Leonardi amechumbia binti wa mtaa wa Kavimvira, na wazee wa binti wanauliza ni nani alifunga injini ile. Baba mkwe alikuja kwangu. "Mwanangu, sema ni weye. Weye umeisha kuoa, haitakuharibia kitu."

Nilimcheka usoni. Mke wangu hakucheka. "Baba akiaibika, minye nitaweka wapi uso wangu?" Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, kisha anakwenda kula na watoto jikoni.

Nawadharau Leonardi na baba mkwe, sifichi. Lakini kuna jambo sijamwambia hata mke wangu. Asubuhi ya safari ile dereva alinipungia mkono, nami nikampungia. Nilijua ufa uko pale. Sikumwonya kwa sababu nilitaka injini iwafie mikononi, waaibike.

Jumapili wazee wa binti wametuita wote mbele ya dereva. Wasomaji, nishaurini: nikisimama pale, niseme lipi?