Zamu ya Maji

Popote ninapohamia, harufu ya maji yakiingia kwenye mfereji mkavu hunirudisha utotoni Mang'ola, ambako mashamba yalimwagiliwa kwa zamu. Mavuno ya vitunguu yalikuwa yamekwisha, na vibarua walikuwa wanarudi kwao Singida. Rafiki yangu alikuwa tayari juu ya magunia kwenye lori.

"Mama, mtarudi lini?" nilimuuliza mama yake.

Akacheka kidogo. "Urafiki wa vibarua ni zamu ya maji, mwanangu. Ikiisha, unaziba mfereji wako bila kugombana."

Lori likaondoka, nikalikimbilia. Rafiki yangu akanipigia kelele, "Usilie we! Vumbi litakuganda usoni!"

Nililia, na likaganda kweli.

Nyumbani bibi akashangaa. "Mbona uso umejaa matope?"

"Nilikuwa nacheza."

"Na nani?"