Volti Zilizopotea kwa Wisi

Margrit Herger alikuwa na miaka sitini na miwili, na thelathini na minane kati ya hiyo aliimaliza akipanda ngazi za watu. Kazi yake ilikuwa kukagua nyaya za umeme katika mashamba ya bonde la Schächen, jimbo la Uri nchini Uswisi, na kutia saini kwamba nyumba haitaungua. Mashamba ya kwao yako mlimani juu kwa juu. Mtu akikwambia "hapo tu", jua magoti yako yamekwisha.

Jina lenyewe la Uri lilimsumbua tangu ujana. Vitabu vya huko huandika volti kwa U, ukinzani kwa R na mkondo kwa I, na kanuni ya kwanza ya fundi ni kwamba volti ni ukinzani mara mkondo: U, R, I. Chuoni wavulana wa mji wa Lucerne walimtania kwamba hana haja ya kusoma, amezaliwa ndani ya kanuni. Alikuwa msichana pekee darasani, akacheka nao, maana kununa kungemchosha zaidi.

Alasiri moja ya Julai alifika kwa Alois Arnold, ambaye bonde zima humwita Wisi: kapera wa miaka sabini na mmoja mwenye ng'ombe kumi na mmoja. Ilikuwa nyumba ya saba tangu asubuhi. Ghalani feni kubwa ilikuwa ikipuliza hewa kwenye nyasi alizokata jana, kwa sababu mvua ilikuwa njiani, na nyasi zisipokauka huoza. Ng'ombe hali ahadi.

Feni ikiwa inazunguka, Margrit alipima kwenye sanduku la fyuzi: volti mia mbili na thelathini. Akapanda ghalani hadi kwenye feni, akapima tena: mia mbili na tano. Mkondo, ampea kumi. Waya mrefu kama ule hula volti tano, hilo halina ubishi. Ishirini nyingine zilikuwa zinaliwa na nani?

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa daftari. Ishirini gawanya kwa kumi: omu mbili za ukinzani, mahali ambapo pangepaswa kuwa na karibu sifuri. Ishirini mara kumi: wati mia mbili za joto, zimejificha mahali fulani njiani.

Kisha akafunua kurasa za ukaguzi uliopita, miaka kumi nyuma. Hata siku ile volti kumi na mbili zilikuwa zimepotea. Namba zilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, hazikutolewa wala kuzidishwa, na chini yake neno moja: "Sawa." Alitamani awe na kisa cha kujitetea, msiba au homa. Hakuwa nacho. Alikuwa amechoka tu, na kahawa ya Wisi ilikuwa tayari mezani.

Wisi akapanda kuona kwa nini mkaguzi amekawia. Akaelezwa.

"Wati mia mbili?" alisema. "Bibie, si taa mbili tatu za zamani hizo? We tia saini, mi nitatengeneza vuli."

"Taa inaning'inia hewani, Wisi. Joto hili limelala kwenye mbao."

"Nikizima feni nyasi zinaoza. Nyasi zikioza nauza ng'ombe. Nibaki naongea na nani humu?"

Septemba Margrit angestaafu. Saini ilikuwa kazi ya sekunde mbili, na kuutafuta ule ubovu kulikuwa kazi ya magoti, na magoti yake yalishamwambia yanachotaka. Aliona haya kwamba alilifikiria jambo hilo hata mara moja. Akateremka, akazima feni.

Wisi alimfuata akinung'unika kwamba watu wa saini hawajui kulisha mnyama. Margrit alikuwa anaufuata waya kwa kiganja, mbao kwa mbao. Ghala na nyumba vilishikana ukuta, na waya ukaingia chumbani, nyuma ya ubao ulio kando ya kitanda.

"Hapo?" Wisi aliuliza. "Hapo si ndipo ninapoegemea mgongo. Wakati wa nyasi ukuta unakuwa na joto zuri sana. Baridi yabisi yangu inapapenda."

Margrit aling'oa ubao. Palikuwa na kiungo cha waya kilichofungwa kwa utepe, na utepe ulipukutika alipougusa. Mbao za nyuma yake zilikuwa zimekuwa mkaa.

Wisi aliugusa mkaa ule kwa kidole.

"Mara ile ulipokuja, haikuwapo hii?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwa Margrit, na hakuna mwingine aliyewahi kulisoma.

"Ilikuwapo," alisema. "Namba zote nilikuwa nazo. Nilichoka kuzipigia hesabu, nikaandika sawa."

"Miaka kumi nalala hapa, Margrit."

"Najua."

Mvua ilianza juu ya paa. Wisi aliketi kitandani, mgongo mbali na ukuta. Halafu akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa basi, magoti yako yamekwisha. Tukipumzika tutageuza nyasi kwa mkono, na wewe utashika uma wa nyasi."

Margrit alikaa.