Nilitia Mawese Kwenye Injini, Nikawarudisha Wabebaji

Kosa ni langu, msinitafutie udhuru. Dada yangu Zaina amelala kaburini na mtoto wake kwa sababu ya kiburi changu.

Mimi si mtu wa hivi hivi. Nilitoka kijijini kwetu, njia ya Kabambare, kwa miguu. Nikarudi kutoka Elisabethville na diploma ya umakanika, viatu vya ngozi na Kifaransa. Hakuna aliyenishika mkono.

Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba pale Kasongo alikuwa na gari dogo la mashindano, la viti viwili, injini imekufa. Akanipa niliondoe uani kwake. Nikalifikisha nyumbani kwa kusukumwa na watu, nikaifungua injini yote juu ya mkeka. Kazi hiyo sikuwahi kuifanya peke yangu. Karakanani kulikuwa na mkubwa wa kukagua. Nyumbani mkubwa alikuwa mimi.

Nilipomaliza kuiunga, mafuta ya injini hayakuwapo, mpaka lori liyalete kutoka Kindu. Nami nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu kwamba Jumapili watalisikia likinguruma! Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba Ulaya magari ya mashindano hutiwa mafuta ya nyonyo. Nikajiambia, mawese nayo yanatoka kwenye mmea. Nikayachuja kwa kitambaa, nikamimina. Gari likawaka. Nikalizungusha kijijini huku wanawake wakipiga vigelegele, nikashuka kama bwana mkubwa.

Kesho yake asubuhi Zaina akashikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Kasongo. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kuita wanaume wanne na kipoyi, kiti cha kubebea mtu mabegani. Wangemfikisha hospitali mchana.

Nikawarudisha mashambani. Nikawaambia mambo ya kubeba watu kama mizigo yamekwisha.

Shemeji akaniuliza, “Hii gari imekwisha kwenda mbali, shemeji?”

“Diploma yangu uliiona,” nikamjibu. Nikampakia Zaina kwenye kiti cha pili, tukaondoka, shemeji akatufuata kwa miguu.

Katikati ya njia, mlimani, moshi ukatoka, unanuka kikaango. Kisha injini ikakwama. Mawese yalikuwa yameungua na kuwa kama gundi, chuma kikala chuma.

Zaina akanishika shati. “Ndugu yangu, wale watu ya kipoyi, iko wanakuja nyuma?”

Nikamwambia ndiyo. Ee Mungu wangu, nilimwambia ndiyo!

Nikakimbia kurudi. Njiani nikakutana na shemeji akija kwa miguu. Yeye akaenda kukaa naye, mimi nikawatafuta wale wanaume, kila mmoja shambani kwake. Tulipofika, shemeji alikuwa amevua kanzu yake na kumfunika nayo, uso na yote.

Mpaka leo hajanitukana. Hunisalimu vizuri, huniuliza habari za kazi. Afadhali angenipiga.

Wewe unayesoma haya na diploma yako ukutani, nisikilize. Injini yako ya kwanza iendeshe peke yako, nenda nayo mbali, ikufie wewe. Na mgonjwa akiwa mlangoni, usimrudishe mtu yeyote aliyekuja kumbeba.