Mtu Kwenye Ukungu wa Matombo

Kamera ya mdogo wangu ililetwa nyumbani na wanawake wa Matombo waliokuwa wakiokota kuni karibu na kijito. Yeye mwenyewe hakuletwa. Alikuwa amepanda milima ya huko wakati wa masika kupiga picha za msitu, kama alivyozoea, na watu walimtafuta mpaka mvua zikakatika, wasipate hata kiatu. Mama alikataa kuweka matanga. "Nimlilie vipi mtu ambaye sijamwona amelala?" alisema.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimchapia picha zake. Nina chumba cha kazi mtaani Kihonda, chenye skana ya negativu, yaani filamu zilizosafishwa, na printa pana ya wino, na ninachapisha kwenye karatasi nzito ya pamba kwa watu wanaotaka picha ya kudumu ukutani. Yeye hakupenda kamera za siku hizi. Alisema filamu inamfunza kusubiri. Kwa hiyo kamera ilipokuja, tope kwenye lenzi na mkanda wa filamu bado ndani, nilijua ni mimi nitakayeufungua. Niliuacha kabatini muda mrefu. Kila nilipopita hapo nilipunguza sauti, kama mtu anayepita karibu na chumba cha mgonjwa.

Hatimaye niliusafisha mwenyewe, bafuni, kwa dawa alizoziacha. Maji yalikuwa yameingia. Picha karibu zote zilikuwa madoa matupu. Moja tu ilikuwa imepona: njia nyembamba kati ya migomba, ukungu, na upande wa kushoto kiza.

Niliipitisha kwenye skana, nikaondoa vumbi kwenye kompyuta chembe baada ya chembe. Kipande cha kwanza cha majaribio kilitoka cheusi mno. Nikaongeza mwanga kidogo pale kwenye kiza, nikachapa tena, nikakibandika ukutani ili wino ukauke, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi, nikiwa bado mlangoni, niliona mtu. Alisimama kushoto, pale nilipodhani ni shina la mgomba, mzigo kichwani, uso umenielekea.

Nilishindwa kuingia. Ilikuwa mchana, redio ya jirani inaimba, nami nimesimama mlangoni kwangu kama mgeni. Nilijua si mdogo wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera. Hilo ndilo lililonitia baridi. Yule mtu alikuwa akimtazama yeye, na sasa alikuwa akinitazama mimi.

Niliichapa kubwa, nikampelekea Mama nyumbani, kule Mlali. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama bila kukaa.

"Huyu ni nani?"

"Sijui, Mama."

"Lakini alimwona mwanangu."

"Alimwona."

"Basi nipeleke kwake."

Wale wanawake wa Matombo waliitambua sura hiyo mara moja. Walituelekeza nyumba ya mkulima mmoja, mlimani, juu kidogo ya misheni. Alikuwa uani akianika karafuu. Alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea picha, akaigeuzia kwenye mwanga.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nateremsha ndizi."

"Alisema nini?" Mama aliuliza.

"Aliniamkia, mama. Akaomba anipige picha. Nikamwambia mvua inakuja, tushuke wote. Akasema anafika juu mara moja, atanikuta njiani." Alimrudishia Mama picha. "Nilisubiri sana. Waliokuja kumtafuta niliwaonyesha njia aliyopita. Hakuna aliyeniuliza alisema nini."

"Alikuwa amevaa sweta?"

"La kijani."

"Alikuwa na njaa?"

"Nilimpa ndizi mbivu. Alikula amesimama, anacheka."

Mama aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, akalia. Tangu mdogo wangu apotee sikuwa nimemsikia akilia. Mke wa yule mkulima alitoka ndani, akaketi chini karibu naye.

Baadaye mkulima alitupeleka mahali penyewe. Mama alisimama njiani, akatazama juu, kule ukungu ulikokuwa ukishuka kati ya miti. Aliita jina ambalo mdogo wangu aliitwa alipokuwa mtoto. Aliita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aje kula. Tulingoja. Kisha akanishika mkono, tukashuka.

Matanga tuliweka wiki hiyo hiyo, na mkulima na mkewe walikuja wakakaa nasi. Picha kubwa iko chumbani kwa Mama. Huwa anamsalimia yule mtu asubuhi, nimemsikia.

Mimi sijabakiza nakala. Naendelea na kazi. Watu huniletea negativu za wazazi wao, za harusi za zamani, za nyumba zilizokwishabomolewa. Lakini printa ikianza kuweka sehemu nyeusi za picha, mstari baada ya mstari, mara nyingi najikuta nimetoka nje, nimesimama barazani, nikisubiri imalize.